Maswali ya Wasomaji: Mpaka Umo au Haumo?

Barua tano za mwezi huu zinalizunguka neno moja la Kiingereza, "bound", ambalo kwa kawaida tunaliita mpaka. Mwanafunzi analikuta kwenye hesabu, fundi wa programu kwenye kompyuta, mwandishi wa hadithi kwenye uchawi. Tumezijibu pamoja, kwa sababu makosa yake yanafanana kuliko wenyewe wanavyodhani.

SWALI: Mwalimu anasema seti inaweza kuwa na mpaka wa juu bila kuwa na namba kubwa kuliko zote. Inawezekanaje? Halafu kuna kikomo. Mpaka na kikomo si kitu kimoja? (Mwanafunzi wa S.5, Jinja)

JIBU: Si kimoja. Chukua orodha hii: 1/2, 2/3, 3/4, 4/5, na kuendelea bila mwisho. Kila namba humo ni ndogo kuliko 1, kwa hiyo 1 ni mpaka wa juu. Lakini 5 nayo ni mpaka wa juu, na 1,000 pia, maana hakuna namba ya orodha inayoizidi. Mpaka wa juu haulazimiki kuwa karibu. Unatakiwa usizidiwe tu. Wanaojikwaa ni wale wanaofikiri mpaka ni lazima uwe mmoja.

Kati ya mipaka hiyo yote ya juu, ulio mdogo kabisa ni 1. Hiyo ndiyo huitwa supremamu. Sasa uliza: je, 1 yenyewe imo kwenye orodha? Haimo. Juu ya mstari wa sehemu daima kuna pungufu ya moja kuliko chini. Ukinionyesha 99/100 nitakutolea 100/101, tutakesha. Ndiyo maana orodha ina mpaka lakini haina namba kubwa kuliko zote. Seti ya 3, 7 na 9 ni tofauti: 9 imo ndani, na papo hapo ni mpaka.

Kikomo ni habari ya orodha kusogelea namba moja na kutulia hapo. Orodha ya 0, 1, 0, 1, 0, 1 ina mpaka wa juu na wa chini, ila haitulii popote, haina kikomo. Kinyume chake hakitokei: orodha ya namba yenye kikomo daima ina mipaka. Na kama orodha inapanda tu bila kushuka, tena ina mpaka wa juu, hapo kikomo kipo, nacho ni ile supremamu. Kwenye mtihani alama hupotea kwa mwanafunzi kuandika "ina mpaka, kwa hiyo ina kikomo" bila kuonyesha kwamba inapanda.

Usiamini macho pia. Jumlisha 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea. Ukifika kwenye kipande cha milioni moja, jumla ni kama 14.39 tu, na mtu anaweza kuapa kwamba 20 haitafikiwa. Itafikiwa na kupitwa. 1/3 na 1/4 kwa pamoja vinazidi nusu. Vinne vinavyofuata, kutoka 1/5 hadi 1/8, vinazidi nusu. Vinane vinavyofuata vivyo hivyo. Nusu zisizokwisha hazina mpaka wa juu.

SWALI: Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kimepimwa kwa kukadiria hadi futi iliyo karibu. Eneo lake linaweza kukosewa kwa kiasi gani? (Mnunuzi, Mukono)

JIBU: "Futi 50" iliyokadiriwa hivyo ni urefu wowote kuanzia 49.5 hadi chini kidogo ya 50.5. Ile 100 ni kuanzia 99.5 hadi chini kidogo ya 100.5. Eneo dogo kabisa: 49.5 × 99.5 = futi za mraba 4,925.25. Mpaka wa juu: 50.5 × 100.5 = 5,075.25. Tofauti ni futi za mraba 150, ukubwa wa chumba cha futi 10 kwa 15.

Mpaka wa chini unafikika, wa juu haufikiki, kwa sababu 50.5 yenyewe ingekadiriwa kuwa 51. Angalia pia kwamba hizo mbili haziko mbali sawasawa na 5,000: moja imepungua kwa 74.75, nyingine imezidi kwa 75.25.

Kwenye kugawanya ndiko watu huumia. Kama bei ni shilingi 60,000,000, bei ya juu kwa futi moja ya mraba unaipata kwa kugawanya na eneo dogo: karibu 12,182. Bei ya chini inatokana na eneo kubwa: karibu 11,822. Anayegawanya kikubwa kwa kikubwa anadhani ametafuta bei ya juu kumbe ameshika ya chini.

SWALI: Nimeandika programu kwa lugha ya C ya kujumlisha akiba za SACCO yenye matawi 12. Kwenye kompyuta yangu jumla inatoka sawa. Kwenye ya katibu inatoka tarakimu za ajabu, na juzi ilitoka hasi. Mstari wenyewe ni huu: for (i = 0; i <= 12; i++) jumla = jumla + akiba[i]; (Fundi wa programu, Ntinda)

JIBU: Una makosa mawili, yote ya mpaka.

La kwanza ni alama <=. Inasema "ndogo kuliko au sawa na", kwa hiyo inaingiza na 12 yenyewe. Nafasi 12 za safu yako, yaani ile orodha ya akiba, zinahesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo ya mwisho ni 11. akiba[12] ni nafasi ya kumi na tatu, ambayo si yako. C haina mlinzi. Inachukua anwani ya mwanzo wa safu, inaongeza 12 mara baiti 4, inafika baiti ya 48 wakati mali yako imeishia baiti ya 47, na inasoma chochote inachokikuta. Kwako ilikutana na sifuri, ndiyo maana jumla "ilitoka sawa". Kwa katibu kulikuwa na masalia ya kazi nyingine. Programu inayofanya kazi kwa bahati ni mbaya kuliko ile inayoanguka, maana ya pili angalau inakuambia.

Andika i < 12. Kisha lifanye kuwa mazoea: mpaka wa chini umo, wa juu haumo. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alilitetea jambo hili mwaka 1982, na hoja zake zinashikika: idadi ya vitu unaipata kwa kutoa tu (12 − 0 = 12), na kundi linalofuata linaanzia palepale la kwanza lilipoishia, bila kitu kuhesabiwa mara mbili wala kuachwa. Sisi Waswahili tuna tatizo la ziada, kwa sababu neno letu lenyewe halijaamua. Ukifanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa, Ijumaa imo. Ukitembea mpaka mtoni, hujalowa. Kwa hiyo mteja akikuambia "kutoka 1 mpaka 30", muulize kama 30 imo kabla hujagusa kibodi.

Lugha nyingine zinalinda zaidi, lakini si sawasawa. Java itasimama na kutangaza kosa. Python nayo itasimama ukizidisha juu, lakini ukishuka hadi −1 haisemi kitu. Inakupa kitu cha mwisho kwenye orodha, na jumla yako inakosewa kimyakimya. Kwenye C, tafsiri programu kwa gcc au clang ukiongeza -g na -fsanitize=address wakati wa majaribio. Ukivuka safu kwa namna hii, itasimama na kukutajia mstari wenyewe.

Usidhani ni kosa la wanagenzi. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro ya Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Mtu alituma ujumbe mfupi huku akidai ni mrefu, na seva ikamrudishia urefu aliodai bila kulinganisha na alichotuma. Kila ombi lingeweza kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu, nywila zikiwemo. Ulikosekana ukaguzi mmoja wa mpaka.

Kosa la pili ndilo linalotoa hasi. Namba kamili ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Anayehesabu kwa dola anaweza kufanya kazi miaka bila kuufikia ukuta huo; anayehesabu kwa shilingi ya Uganda anaugonga kwenye SACCO ya kawaida. Matawi yakiwa na 1,500,000,000 na mengine 900,000,000, jibu ni 2,400,000,000, lakini kwenye mashine nyingi litazunguka na kutokea chini likiwa −1,894,967,296. Tumia int64_t, namba kamili ya biti 64, ambayo inafika 9,223,372,036,854,775,807.

Halafu kagua hifadhidata. Safu wima ya jedwali yenye namba za aina ya INT kwenye MySQL ina ukuta uleule. Ikiwa katika hali kali, itakataa kuandika. Ikiwa imelegezwa, itaikata namba yako na kuandika 2,147,483,647 kwa onyo dogo ambalo hakuna anayelisoma. Ukiiona tarakimu hiyo kwenye ripoti ya fedha, usiiamini hata kidogo. Badilisha safu kuwa BIGINT.

Na kama mfumo wako unahifadhi saa kwa sekunde za biti 32 tangu 1 Januari 1970, mpaka wake ni 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Kampala. Sekunde inayofuata, saa itarudi Desemba 1901.

SWALI: Rafiki yangu anadai hakuna njia ya kupanga vitu 5, kwa kulinganisha viwili viwili, ambayo daima itamaliza chini ya mara 7. Nani aliyeweka sheria hiyo? (Msomaji, Mbale)

JIBU: Hakuna aliyeiweka, inatoka kwenye kuhesabu. Vitu 5 vinaweza kuwa vimechanganyika kwa namna 120. Kila ulinganisho una majibu mawili, kwa hiyo ulinganisho 6 unaweza kutenganisha hali 64 tu, na 7 hali 128. Sita hazitoshi, hata uwe na kompyuta ya kasi gani. Njia ya kumaliza kwa 7 ipo, kwa hiyo hapa mpaka wa chini umeguswa. Kwa vitu 12, hesabu hiyohiyo inatoa 29, lakini imethibitika kwamba 30 ndizo zinazohitajika. Mwanafunzi wa Jinja atalitambua jambo hili: mpaka upo, na hakuna anayeufikia.

SWALI: Ninaandika hadithi ya kinjozi kuhusu mganga anayelinda kijiji. Msomaji wangu wa kwanza anasema uchawi wake hauna mipaka, kwa hiyo hana wasiwasi naye. Tena kwenye Kiingereza naona "bound" ikitumika kwa jini na pia kwa ukingo wa nchi ya kichawi. Ni neno moja? (Mwandishi, Busia)

JIBU: Ni maneno mawili yaliyokutana sura. Moja, la ukingo, liliingia kutoka Kifaransa cha kale. Jingine ni kitenzi cha kufunga kikiwa katika hali ya kutendwa. Kiswahili kimekuondolea taabu hiyo: nchi ina mpaka, jini amefungwa. Tofauti si ya maneno tu. Yule jini wa mvuvi katika Alfu Lela Ulela, aliyewekwa chupani chini ya muhuri wa Nabii Suleiman, hakupunguziwa nguvu hata chembe. Alizuiwa mahali. Ndiyo maana mvuvi hakuhitaji kumshinda, alihitaji tu kumhadaa mpaka arudi ndani mwenyewe.

Kabla ya kuazima uchawi wa mbali, tazama tulio nao. Kago la shamba, kama wazee wanavyolisimulia, halimzuii mwizi kuingia. Anaingia, anachuma, na kutoka ndiko kunakomshinda mpaka mwenye shamba aje. Ni mpaka unaokagua njia moja. Zindiko ni kinga ya nyumba au mji, inasukuma shari nje. Fingo hufukiwa ardhini, kwa hiyo lina mahali hasa, na kilicho na mahali kinaweza kufukuliwa. Chagua moja na ulishike. Hadithi huharibika mganga anapokuwa na kago sura ya pili na zindiko sura ya tisa kwa sababu tu mwandishi amebanwa.

Kisha kata shauri kuhusu mambo madogo. Mstari unapita wapi, kwenye safu ya mimea ya mulamula inayotenga viwanja au hatua moja ndani yake? Anayesimama na mguu mmoja kila upande analindwa? Kila fingo linamgharimu mganga nini kinachohesabika: siku tatu za kutosema, jino, jina la mtoto? Bei ikiwa ni "uchovu" tu, atapumzika aya moja na kuendelea.

Tuseme amefukia mafingo manne kwenye pembe za kijiji chenye umbo la mstatili, na kinga inafuata mistari iliyonyooka kati ya pembe na pembe. Usiku mmoja mbwa anafukua moja. Kinga haijavunjika, imebaki ya pembe tatu. Mstari mpya sasa unakatiza kijiji kutoka kona hadi kona, na nusu kamili ya eneo iko nje bila mtu kujua. Kisima kiko upande gani wa mstari huo? Na nyumba ya mama mkwe wake?