Kabla Hujachagua Hospitali ya Bima, Uliza Inalipwaje

Kwa miaka 6 nimekuwa nikimpeleka mama kliniki ya kisukari kwa kadi ya bima ya taifa. Mwanzoni niliamini ukiwa na kadi umeshatibiwa. Nilichelewa kutambua kwamba huduma anayoipata mama inategemea sana namna bima inavyoilipa hospitali.

Hospitali yetu ya kwanza ilikuwa ikilipwa kwa kila huduma: wakikupima wanalipwa, wasipokupima hawalipwi. Basi mama alipimwa mno. Ndani ya wiki 3 alitolewa damu mara mbili kwa kipimo kilekile, lakini katika mwaka mzima hakuna aliyemvua viatu akamtazama miguu. Mgonjwa wa kisukari anaweza kupoteza hisia za miguu. Kidonda kidogo asichokisikia kikiachwa huweza kuishia kukatwa mguu. Ukaguzi huo huchukua dakika chache na hauhitaji mashine kubwa. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Tukahamia kituo kinacholipwa kwa kichwa, yaani kiasi maalumu kwa kila mwanachama aliyesajiliwa pale, augue asiugue. Hapo muuguzi alianza na miguu siku ya kwanza kabisa. Kituo cha namna hiyo hufaidika ukiwa mzima. Lakini kina kishawishi chake pia: kila wanachokufanyia kinapunguza kinachobaki. Rufaa ya mama kwenda kwa daktari wa macho niliiomba mara tatu, ingawa mwenye kisukari anapaswa kukaguliwa macho mara kwa mara hata kama anaona vizuri.

Ndiyo maana nchi nyingine huchanganya njia. Thailand, ilipoanzisha bima kwa wananchi wote mwaka 2002, ililipa kwa kichwa kwa wagonjwa wa nje, na kwa waliolazwa ikalipa kulingana na aina ya ugonjwa, ndani ya bajeti yenye ukomo. Kila njia ina pengo lake. Mgonjwa akilijua, anajua la kudai. Kwa hiyo kabla ya kujisajili, uliza. Kama ni malipo kwa kila huduma, muulize daktari kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu. Kama ni kwa kichwa, dai rufaa bila kuona haya, na ikikataliwa omba sababu iandikwe kwenye faili.

Kuhusu dawa, niliwahi kumfokea mfamasia aliyetuambia dawa zimeisha, tukanunue nje. Alinijibu kwa upole: "Kaka, madai yetu ya miezi minne hayajalipwa, na muuzaji wa dawa amegoma kutuletea." Nilimwomba radhi. Madai yakicheleweshwa, rafu za dawa ndizo hukauka kwanza. Siku hizi napiga simu kabla ya kliniki, na namwomba daktari aandike jina halisi la dawa badala ya jina la kibiashara, maana mara nyingi dawa ileile ya bei nafuu ipo na inafanya kazi ileile.

Tena, soma fomu ya madai kabla ya kusaini. Siku moja nilikuta mama ameandikiwa ultrasaundi ambayo hakufanyiwa. Nilikataa kusaini. Karani akasema ni kosa la kuandika, akaifuta, lakini fedha za namna hiyo zinatoka kwenye mfuko uleule unaonunua insulini. Hakiki pia jina na namba ya uanachama, kwa sababu madai yenye dosari hurudishwa na kituo hukaa bila malipo.

Kuhusu ultrasaundi ile, niliandika barua kwa ofisi ya bima, nikataja tarehe, kituo na namba ya fomu. Majibu yalikuja baada ya wiki 5, na tangu hapo dirisha la karani yule linampa nakala ya fomu kila anayeiomba.