Injini ya 2F inatetemeka sailensi (ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) na inagonga mlimani: nianzie taimingi (muda wa kupiga cheche) au hosi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser pikapu aliyoniachia mzee, injini 2F ya petroli, kabureta na platini (kontakti zinazokatisha umeme wa cheche), nabebea dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Misungwi. Ikiwa sailensi inatetemeka mpaka kwenye kioo cha pembeni sioni kitu, inakunywa mafuta balaa, na nikipanda mlima na mzigo inagonga kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Fundi wa kwanza kageuza distribyuta (ile inayogawa cheche kwenye plagi) ikatulia wiki moja ikarudi, wa pili naye kageuza. Halafu kuna hosi mbili za vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) nimekuta zimezibwa na bolti. Nimeazima geji ya vakyumu inasoma inchi 12 za zebaki, kitabu kinasema 17 mpaka 21. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Anza na hosi, na hiyo distribyuta asiiguse mtu tena mpaka hosi ziishe.

Nikwambie kilichotokea hapo hata gari sijaiona. Kuna mahali inavuta hewa ya wizi, yaani hewa ambayo haijapita kwenye kabureta, sasa mchanganyiko unakuwa mwepesi, sailensi inayumba inataka kuzima, fundi anakaza skrubu ya sailensi ili isizime, bado inatetemeka, basi anageuza distribyuta kuwahisha cheche, injini inachangamka, wewe unalipa unaondoka unafurahi. Ila tundu liko palepale na cheche sasa inawahi kuliko inavyotakiwa, ndo maana ukiweka mzigo wa dagaa ukakutana na mlima inagonga. Usichukulie poa huo mlio, ukiuendekeza unakula pistoni.

Kuhusu geji usipanike sana. Hizo namba za kitabu ni za mtu aliye usawa wa bahari. Sisi ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi geji inashuka karibu inchi moja, kwa hiyo injini ambayo Dar ingesoma 18, hapa Mwanza ikisoma 14 na kidogo ni nzima kabisa. Nimeshaona watu wamefungua injini nzima wakitafuta hizo inchi nne ambazo hazipo. Ya kwako 12 ni ugonjwa kweli, ila mdogo kuliko ulivyofikiri.

Sasa hewa ya wizi unaitafuta hivi. Washa, iache ipate moto, chukua chupa ya kupulizia yenye maji (MAJI, siyo petroli, kuna mtu nilimwona anamwagia petroli kwenye manifodi ya moto, nyusi zake zilichukua miezi kurudi), pulizia kidogo kidogo kwenye gasketi ya chini ya kabureta, kwenye shafti ya throto (kilango cha hewa cha kabureta), na pale manifodi (bomba la kuingiza hewa) inapokutana na hedi (kichwa cha injini). Mlio ukibadilika, umeipata. Kwenye 2F mimi nashuku hapo pa mwisho kabla ya pote, maana manifodi ya kuvuta na ya egzosi ziko upande mmoja, zinabanwa na gasketi moja, zinapata moto na kupoa kila siku na nati zinalegea zenyewe. Kaza nati zote taratibu injini ikiwa baridi, anzia katikati kwenda nje, tembea nayo siku moja, ikipoa kaza tena.

Halafu busta ya breki, ile inayosaidia mguu wako kukanyaga kwa vakyumu ya injini. Minya hosi yake nene kwa koleo umeweka kitambaa, injini ikitulia ghafla basi busta au hosi yake ndo inavujisha, na hapo hatuongelei tena ulaji wa mafuta, ni breki zako. Zile bolti ulizozikuta toa uone nyuma yake kuna nini, hosi iliyopasuka weka mpya, mpira wa tyubu ya baiskeli hauvumilii mvuke wa petroli.

Hosi nyembamba inayoingia kwenye kile kisahani cha vakyumu ubavuni mwa distribyuta, kinachowahisha cheche, ichomoe upande wa kabureta, fungua kifuniko cha distribyuta, vuta kwa mdomo. Sahani ya platini lazima isogee, na ukiziba hosi na ulimi ibaki ilipo. Ikirudi au hewa ikipita tu kama unanyonya soda kwa mrija, daiframu (utando ulio ndani ya kisahani) imechanika. Na uangalie hosi hiyo imechomekwa wapi, inatakiwa tundu lililo juu kidogo ya sahani ya throto, ambalo ikiwa sailensi halivuti, linaanza kuvuta ukikanyaga mafuta. Wengi wanachomeka kwenye manifodi moja kwa moja halafu taimingi inasomeka uongo.

Sasa hilo la "ikatulia wiki ikarudi". Hapo mimi naangalia platini. Ile miguu ya plastiki inayosugua kamu ikikosa grisi inalika, gepu linajifunga, na gepu likijifunga cheche inachelewa. Kwa hiyo gepu kwanza, karibu milimita 0.45, taimingi baadaye, ukifanya kinyume unarudia kazi.

Ndo sasa taimingi. Chomoa ile hosi nyembamba, iliyobaki kwenye kabureta uizibe, shusha sailensi mpaka kama mizunguko 650 kwa dakika, maana ikiwa juu vile vyuma vya uzito ndani ya distribyuta, vinavyowahisha cheche spidi ikipanda, vinaanza kufunguka na unapima kitu kingine. Kwenye 2F usitafute alama kwenye pulii ya mbele, alama ziko kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), kuna kidirisha kwenye nyumba ya klachi upande wa stata. Mle ndani kuna kigololi kimepigiliwa, hicho ndo digrii 7 kabla pistoni haijafika juu. Kipake rangi ya kucha nyeupe, mulika na taiming laiti, gololi ikae sawa na mshale. Rota inazunguka kama saa, ukigeuza bodi kinyume na saa unawahisha. Gololi ikirukaruka haitulii, bushi ya shafti ya distribyuta imekwisha na hapo hakuna ujanja. Na kama mtu kachanganya waya za plagi, mpangilio ni 1-5-3-6-2-4.

Kabureta ndo ya mwisho kabisa. Geji ikiendelea kurukaruka kwa mapigo yaleyale hata baada ya haya yote, pima kompresheni (mgandamizo wa silinda) na urekebishe gepu za valvu.

Ukishakaza bolti ya distribyuta, kwaruza mstari mmoja na bisibisi upite kwenye bodi na kwenye bloku. Siku ukitoka gereji ukakuta mistari haikutani, ujue kuna mtu kaigeuza tena.