Kabla Hujalipa Nauli ya Kongamano, Soma Masharti ya Ruzuku
Wiki hii wadogo zangu wawili wa uzamivu wamenijia na barua za kukubaliwa kwa ikisiri zao, yaani muhtasari wa mada watakazowasilisha kongamanoni, tiketi wamekwisha kununua na ruzuku ya safari hawajaomba, nami nimeona nisipoandika sasa kosa langu la zamani litaendelea kurudiwa.

1. Kukubaliwa kwa ikisiri si kupewa ruzuku. Hayo ni maombi mawili, na kila moja lina tarehe yake ya mwisho.

2. Ruzuku nyingi hulipwa baada ya safari: unatumia fedha zako kwanza, kisha unarejeshewa kwa stakabadhi. Mimi nililijua hilo, lakini sikuwa na kadi ya benki ya kulipia tiketi mtandaoni, nikamwomba kaka yangu, naye akatoa akiba aliyoiweka kwa ajili ya ada ya mwanawe. Niliwasilisha mada yangu kuhusu makatekista, jopo likanisikiliza kwa makini, nikarudi na stakabadhi zote zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Mhasibu alizipitia moja moja, kisha akaiweka kando ile ya tiketi kwa sababu ilikuwa na jina la kaka. Niliandika barua ya maelezo, msimamizi wangu akaandika yake, na bado nilirejeshewa ada ya usajili na malazi tu. Deni lile nililipa kidogo kidogo kwa miezi 14, na katika muda wote huo kaka hakunidai hata mara moja, jambo lililoniumiza kuliko kama angenidai. Sharti lenyewe lilikuwa katika ukurasa wa pili wa fomu niliyoitia sahihi bila kuufungua.

Basi muulizeni mhasibu, wala si mwanafunzi mwenzenu, stakabadhi iwe na jina la nani, kama matumizi yaliyotangulia barua ya ruzuku yanakubalika, na kama idara inaweza kununua tiketi yenyewe.

3. Tunzeni kadi za kupandia ndege mpaka fedha ziingie.

4. Tazameni kalenda. American Society of Church History, jumuiya ya Marekani ya wanahistoria wa Kanisa iliyoanzishwa mwaka 1888, hukutana mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo tiketi hununuliwa mwaka mmoja na safari hufanyika mwaka unaofuata. Idara inayofunga hesabu Desemba iulizwe mapema gharama hizo zitaingizwa katika mwaka upi.

Ninyi wawili, leteni fomu zenu kabla ya Ijumaa tuzisome pamoja, tukianzia ukurasa wa pili.