Filamu yangu imebaki dakika moja na sekunde 12

Juzi kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Dada, shikamoo. Igizo letu la jukwaani limependwa, tumejaza ukumbi siku tatu mfululizo. Sasa tunataka kulifanya filamu. Tuanze na kamera au na skripti?"

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa kujaza ukumbi, maana viti vitupu navijua vinavyouma. Ila kabla ya kamera na skripti kuna swali hujaniuliza: hiyo filamu ikishakamilika itakaa wapi, na kwa watu wangapi? Najua utacheka. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa, na leo nina filamu ambayo siwezi kukuonyesha.

Wanaonifuata siku nyingi wanaijua "Deni la Mkeka" kwa kuisikia tu. Tuliiigiza jukwaani mwaka 2016, na sisemi haya kujisifu (haya, najisifu kidogo), usiku wa pili watu walikaa madirishani. Kuna mahali bibi anaukunja mkeka unaodaiwa, polepole, hasemi neno, na ukumbi mzima unausikia ukindu ukilia mikononi mwake. Hapo ndipo nilipoamua: hii lazima iwe filamu. Mwaka 2018 tukaenda Pangani, tukapiga picha siku 11 kwa pesa ya kikoba cha mama mdogo na ya pikipiki yangu niliyoiuza. Ya mvua, jenereta na ugomvi na mpishi nayaruka.

Kilichonimaliza ni woga. Nilishaona kazi za wenzangu zikiuzwa buku mbili kwenye flashi hata kabla hazijazinduliwa, nikaapa yangu haitaibwa. Kazi yote ikawa kwenye diski moja nyeusi, naifungia kabatini. Kadi za kamera nilizifuta nikaenda kupigia picha harusi. Waigizaji waliniomba vipande vyao tu, wakawaonyeshe wazazi. Nikagoma. Mmoja nilimkuta anarekodi kwa simu kutoka kwenye laptopu wakati tunahariri, nikamfokea mbele ya wenzake mpaka akalia. Nilijiona nina msimamo.

Wiki moja kabla ya uzinduzi mwanangu akajikwaa kwenye waya, diski ikatua sakafuni. Nilipoichomeka ikafanya tik, tik, tik, kisha kimya. Fundi wa Kariakoo aliifungua akanionyesha sahani yake: duara jembamba la mkwaruzo, kama mtu kazungusha msumari kwenye sufuria. "Dada, hapa hata uwe na milioni kumi." Akanidai elfu thelathini za kuangalia. Nikalipa.

Kilichosalia ni trela. Dakika moja na sekunde 12, niliyoituma mwenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp nikiwasihi watu waisambaze.

Miezi ile nilisoma sana habari za filamu zilizopotea, kama mfiwa anayekwenda kusikiliza misiba ya wenzake. Ndipo nikakutana na The Great Gatsby. Siyo hizi za rangi mnazozijua, ile ya kwanza kabisa, ya mwaka 1926, sinema bubu. Riwaya iliyoizaa ilitoka Aprili 1925. Februari 1926 ikawa tamthilia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, kwa kalamu ya Owen Davis, George Cukor akaiongoza, ikaonyeshwa mara 112. Mwaka haujaisha ikawa filamu ya Herbert Brenon, Warner Baxter akiwa Gatsby na Lois Wilson akiwa Daisy. Kutoka jukwaani hadi kwenye sinema miezi tisa tu, mimi nilitumia miaka miwili! Mwandishi wa riwaya, F. Scott Fitzgerald, alikwenda kuiona na mkewe Zelda, wakatoka kabla haijaisha. Zelda akamwandikia binti yao kwamba ni mbovu kupindukia. Nasi hatuwezi kumbishia wala kumuunga mkono, kwa sababu filamu haipo. Kilichobaki ni trela. Dakika moja hivi.

Nilipoisoma hiyo niliinuka nikaenda kunywa maji.

Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2013: kati ya filamu ndefu bubu za Marekani karibu 11,000 zilizotoka kati ya 1912 na 1929, asilimia 70 hivi hazipo tena. Filamu za naitreti, yaani mikanda ya enzi hizo, zilikuwa zinashika moto kama karatasi. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya filamu ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliungua na kazi za miaka mingi. Nyingine wenyewe walizichoma au kuziyeyusha wapate madini ya fedha yaliyomo ndani ya filamu, kwa kuwa sauti ilishaingia na sinema bubu haziuziki. Kampuni zilikuwa zinakusanya nakala zao kutoka kwenye kumbi, zisizagae, zisiibwe. Unamwona mtu unayemfahamu hapo? Mimi nilimwona.

Na zilizopona zilipona vipi? Mwaka 1978 watu walikuwa wanachimba ujenzi Dawson City, mji wa baridi kali kaskazini mwa Kanada, wakakuta mikanda ya filamu zaidi ya 500 ardhini. Mji ule ulikuwa mwisho wa njia. Filamu zikifika huko zimeshachakaa miaka miwili mitatu, na gharama ya kuzirudisha wenyewe hawakuitaka. Zikarundikana, mwishowe zikafukiwa kwenye bwawa la kuogelea lililokuwa linazibwa. Baridi ya ardhi ikazitunza nusu karne. Zimepona kwa kuwa hazikurudi kwa mwenyewe.

Kwa hiyo mdogo wangu, weka nakala. Weka moja kwako, moja kwa ndugu wa mkoa mwingine, moja mtandaoni. Kadi za kamera usifute mpaka filamu imeonwa na watu. Mpe kila mwigizaji kipande chake. Akikuibia, ameibeba, ipo. Nyie vijana mnauliza kamera gani, lenzi gani, droni ya nani, na hakuna anayeuliza diski ngapi. Nakala! Na ukimaliza kuweka nakala, weka nyingine. Mnaniona nawahubiria, vumilieni, nimelipia hii mimbari.

Mwezi uliopita nilijikaza nikampigia yule dada niliyemfokea. Miaka yote hii tulikuwa tunapishana misibani bila salamu ya maana. Nikamwomba radhi, kisha nikauliza kwa aibu kama kile alichorekodi bado anacho. Akanyamaza kidogo. Jioni akanitumia, sekunde 41, bila neno lolote.

Picha inatikisika na mwanga wa laptopu unameta. Lakini ni bibi, na mkeka, na ule mlio wa ukindu upo, nyuma ya feni ya chumba. Anakunja mara moja, anakunja mara ya pili. Halafu upande wa kulia unaingia mkono, vidole vimetanuka, unakuja kuziba simu, na ile pete ya shaba ni yangu.