Barua kwa mwanangu: kesi za biashara au za majeruhi?

Mwanangu,

Salaam. Sisi huku wazima, ila baba yako ana mafua ya vumbi kama kila mwaka upepo wa Dodoma unapochachamaa.

Umeniuliza kama ukishaapishwa kuwa wakili ubaki Dar es Salaam utafute ofisi inayoshika kesi za makampuni, au urudi huku kwenye madai ninayoyafanya mimi, "ya biashara kidogo na ya watu waliogongwa", kama ulivyoandika. Ukaongeza kwamba wenzako hapo Shule ya Sheria wanasema kesi za majeruhi hazimjengi wakili jina.

Naanza na hilo la jina, maana limenichoma. Hao wenzako wote walifaulu mitihani kwa kumkariri konokono wa Scotland, Donoghue dhidi ya Stevenson, 1932, ile kesi ya mama aliyedai aliugua kwa sababu ya konokono kwenye chupa ya kinywaji. Nayo ni kesi ya majeruhi. Waulize kama wanajua kesi ile haikufika kwenye ushahidi. Mabwana wale wa London, majaji wa rufaa, waliamua hoja ya sheria tu, kisha pande mbili zikamalizana zenyewe. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba konokono alikuwemo kwenye chupa. Wewe hutapata bahati hiyo. Utaambiwa umlete konokono.

Na kumleta ndiyo kazi yenyewe. Gharama za matibabu, nauli, kipato kilichopotea, yote hayo ni fidia mahususi: unayataja kwa tarakimu kwenye hati ya madai, halafu unayathibitisha shilingi kwa shilingi. Maumivu na ulemavu vinaangukia kwenye fidia ya jumla, na hiyo mahakama hupima kwa busara yake. Mawakili vijana hukimbilia hiyo ya pili. Wanaandika mamia ya mamilioni wakitegemea huruma, na kwenye ile ya kwanza hawana hata karatasi.

Kuna mzee alikuja kutoka upande wa Chamwino, mwanawe wa bodaboda kagongwa na lori barabara ya Morogoro. Alimwaga mfuko wa rambo mezani kwangu: PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, iliyokunjwa hadi imechanika kwenye mikunjo, eksirei, kadi ya kliniki, tiketi za basi, na lundo la risiti. Zile za mashine ya EFD, ya risiti za kodi, zilikuwa zimefifia, karatasi nyeupe tupu. Ukiinua moja dirishani unaona nusu ya jumla na jina la duka limebaki herufi mbili. Ilibidi karani azunguke kwa wauza dawa mmoja mmoja kuomba nakala. Siku hizi mteja akifika tu, risiti zake zinapigwa fotokopi kabla hajaulizwa habari za nyumbani.

Kipato nacho kilikuwa na kazi yake. Dereva wa bodaboda hana hati ya mshahara. Tukamleta mwenye pikipiki na daftari lake la hesabu ya kila siku. Wakili wa upande wa pili akaanza maswali ya dodoso kwa kejeli: hili daftari umeliandika lini, jana usiku? Mwenye pikipiki akalifungua taratibu, akaonyesha kalamu zilivyobadilika rangi mwezi hadi mwezi, doa la oili kwenye kurasa za Machi, na siku ambazo kijana alileta pungufu wakagombana, nazo zimeandikwa. Maswali yaliisha upesi. Hayo yote yalisemwa kwa Kiswahili. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kuwa lugha ya mahakama ni Kiswahili, shahidi wa namna ile husikika kama alivyo.

Halafu muda. Madai ya namna hii ukomo wa kuyafungua mahakamani ni miaka 3, wakati mkataba una 6 na ardhi 12. Familia inauguza, inahangaika na bima inayoiambia "njooni wiki ijayo", na inasubiri kesi ya barabarani iishe. Ni kweli dereva akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu ile inakusaidia sana kuthibitisha uzembe wake. Lakini usikae ukiisubiri huku kalenda inakwenda.

Utakutana pia na madalali wa ajali, wale wanaozunguka wodini wakikusanya majina ya majeruhi ili wakuuzie. Usiwape hata namba yako ya simu. Kanuni za uwakili zinakataza, na hata zisingekataza ni aibu.

Sasa biashara. Kodi ya ofisi yangu imelipwa nayo, sikufichi. Wala usidhani ni lazima uwe Dar kwa sababu Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu kilianzishwa huko mwaka 1999. Mkulima wa zabibu anagombana na mnunuzi huku huku. Mfanyabiashara wa Kibaigwa amekopesha malori ya mahindi kwa maneno ya mdomo na WhatsApp, mnunuzi anasema hamjui. Fundi aliyepewa kazi ndogo ndani ya kazi kubwa kule Mtumba anazungushwa na mkandarasi wake. Kesi hizi huamuliwa na karatasi. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake. Ujumbe wa simu unapokelewa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeruhusu, ila ueleze umetoka simu ya nani na umehifadhiwaje. Kuchapa picha ya skrini na kuibana kwenye faili hakutoshi. Nyingi huishia kwenye usuluhishi, ambao kesi za madai hupitia kabla ya kusikilizwa. Usiudharau, mteja wa biashara anataka fedha yake irudi kwenye mzunguko kuliko anavyotaka hukumu nzuri.

Kwa kesi za aina zote mbili, kabla hujaandika hata mstari wa hati ya madai, uliza mdaiwa ana nini. Lori lina bima hai? Kampuni ina nyumba, mashine, au ni muhuri tu na ofisi ya kupanga? Una miaka 12 ya kukazia hukumu, yaani kuhakikisha inatekelezwa, na nimeona watu wakiimaliza wakimfukuza mdaiwa aliyeandikisha kila kitu kwa jina la shemeji.

Kwa hiyo rudi Dodoma, uanze na majeruhi. Ukishajua kuithibitisha nauli ya elfu sita, deni la mahindi halitakusumbua. Mwenzako anayeanzia kampuni kubwa atabeba mafaili ya wakubwa kwa miaka kabla hajasimama kumhoji shahidi hata mmoja.

Ila usije ofisini kwangu. Nitakupendelea, na makarani watakuita mtoto wa bosi. Nimeshazungumza na wakili mmoja mkali aliye karibu na mahakama, hana subira na anayechelewa. Anataka barua yako ya maombi iwe ya Kiswahili na isizidi ukurasa mmoja. Nitumie kwanza niisome kabla hujampelekea, na usiandike humo kwamba wewe ni mwanangu.

Mama yako