Seva ya kori 32 inashindwaje na laptopu?

SWALI: Kazini tunagawana seva moja ya Linux yenye kori 32 na RAM ya GB 128, tukiwa watu 40 hivi. Programu yangu ya hesabu huchukua dakika 8 kwenye seva usiku, ikiwa haina mtu, na mchana hufika dakika 25. Kwenye laptopu yangu ya kori 8 huisha kwa dakika 4 tu. Je, tumeuziwa mashine mbovu?

JIBU: Sioni ubovu. Ila umeuliza maswali mawili kwa pamoja.

La usiku ni jepesi. Inaelekea programu yako imeandikwa kwa mfuatano mmoja, kwa hiyo inatumia kori moja, yaani kitengo kimoja cha hesabu ndani ya prosesa, na zile 31 zinakaa bure. Prosesa za seva hubanwa kori nyingi kwenye chipu moja, na ili joto lisizidi, kila kori huendeshwa kwa mwendo wa chini. Laptopu ikiwa na kazi moja tu huipandisha kori hiyo mwendo hadi karibu na kikomo.

Sasa tuma kazi kama hiyo 40 kwa mpigo. Laptopu itahitaji dakika 20, tena isipopata moto ikajipunguzia kasi. Seva, kwa hesabu ya mezani, itazimaliza zote kwa dakika 10. Hiyo ndiyo kazi iliyonunuliwa kuifanya, na kuipima kwa kazi moja ni kuionea.

Mchana ndiko kwenye mambo. Mfumo endeshi hukata muda wa prosesa vipande vya milisekunde na kuwagawia watumiaji kwa zamu, mbinu iliyoonyeshwa MIT tangu 1961. Zamu zenyewe hazili muda mwingi. Balaa ni foleni. Maombi yakija bila ratiba, kazi ya sekunde 1 kwenye kori moja huchukua wastani wa sekunde 2 kori ikiwa imeshikwa nusu ya muda, na sekunde 10 ikishikwa asilimia 90. Kori 32 hupunguza makali, lakini ukikaribia asilimia 100 hakuna wa kukuokoa.

Hata hivyo, mimi ningeshuku RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, kwanza. GB 128 kwa watu 40 ni GB 3 na kidogo kwa kila mmoja, na kivinjari chenye kurasa nyingi huzimaliza hizo peke yake. Saa za pilikapilika andika amri ya Linux "vmstat 5", inayotoa mstari mpya wa takwimu kila sekunde 5, uruke mstari wa kwanza, ambao ni wastani tangu mashine iwashwe. Safu za "si" na "so" zisipotulia kwenye sifuri, RAM imejaa na data inahamishwa kwenda diski na kurudi: ongezeni RAM. Safu ya "r", idadi ya kazi zinazotumia au kungojea kori, ikizidi 32 mfululizo, kori hazitoshi. Ikiwa safu ya "wa" iko juu na "r" iko chini, prosesa inaingojea diski, na kununua prosesa mpya ni kutupa pesa.

Kwa sasa hesabu zako ziendeshe kwenye laptopu.