Kompyuta ya mezani: niiboreshe sasa au nisubiri? Maswali yenu na majibu

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja. Mashine imechoka, fedha za kuibadilisha zipo au zinakaribia, lakini mwenye nayo anaogopa kununua leo halafu mwezi ujao kitoke kitu bora zaidi. Nimechagua saba. Kabla ya kuniuliza kama usubiri, nakuomba ujue kwanza mashine yenyewe inasubiri nini. Kompyuta nzito ni kompyuta inayongoja, na mara nyingi inangoja kitu kimoja tu.

Kompyuta yangu ina miaka minane. Nikiiwasha asubuhi naweza kwenda kuoga na kurudi kabla haijawa tayari. Ina Core i5 ya kizazi cha nane, RAM ya GB 8 na diski ya kawaida. Nivumilie mpaka nipate fedha za mashine mpya? — Katibu muhtasi

Usivumilie, dada, na mashine mpya pia usinunue. Kesho ikianza kuhangaika, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa unaoonyesha utendaji, kisha tazama vitu vitatu: prosesa (ubongo wa mashine), RAM (kumbukumbu ya muda) na diski.

Juzi nilikaa mbele ya mashine inayofanana kabisa na yako. Prosesa ilikuwa inatumia asilimia 9. RAM ilikuwa imejaa kidogo kupita nusu. Diski ilikuwa asilimia 100 na haikushuka kwa dakika nzima. Kitaa cha mbele kiliwaka bila kupepesa, na ndani ya kasha ikasikika sauti ya kukwaruza kama panya anayetafuna ubao. Mwenyewe alikuwa ameshaanza kuchagua kompyuta nyingine.

Diski ya aina hiyo ni sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Faili dogo likihitajika, kichwa cha kusomea kinasogea hadi kwenye mstari wake, kisha kinangoja sahani ilete data chini yake. Ukijumlisha safari hizo, diski inawahi kusoma sehemu kama mia moja tu tofauti kwa sekunde. Windows inapowaka inataka maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika kila upande. SSD, yaani diski ya chipu, haina kitu kinachozunguka, na hata ile ya kawaida ya plagi ya SATA husoma makumi ya maelfu ya sehemu kwa sekunde. Ndiyo maana anayebadilisha diski hudhani amebadilishiwa kompyuta nzima.

Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, hamishia kila kitu humo kwa programu ya kunakili diski, na ile ya zamani iache ndani kwa ajili ya kuhifadhi picha na nyaraka. Kizazi cha nane ndiyo ngazi ya chini ambayo kwa kawaida Windows 11 inaikubali kwa prosesa za Intel, kwa hiyo mashine yako bado ina miaka ya kufanya kazi.

Yangu ni ya zamani kuliko hizo mnazozungumzia kila siku, na imekataa Windows 11. Nimeambiwa nisubiri tu ife. — Mwalimu mstaafu

Shikamoo, mwalimu. Hapa kweli kuna tarehe, kwa hiyo kusubiri bila mpango si salama. Windows 10 iliacha kupata masahihisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzimika siku hiyo na haitazimika, ila mianya mipya inayogunduliwa haizibwi tena. Microsoft iliweka muda wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha, hadi 13 Oktoba 2026.

Kabla ya yote, hakikisha mashine imekataa kwa sababu gani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha Enter. Ukiambiwa TPM, kinga ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, haipo, huenda imezimwa tu kwenye BIOS, programu ya ubao inayoiamsha mashine. Kwa Intel hujificha chini ya jina PTT, kwa AMD ni fTPM. Nimeona mashine nzima nzima zikiwekwa stoo kwa ajili ya swichi hiyo moja.

Kama ni prosesa yenyewe isiyokubalika, weka Linux Mint au Ubuntu, mifumo mingine ya kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Hulipii chochote, na kwa barua, intaneti na kuandika nyaraka utaizoea kwa wiki moja. Ziko njia za kuilazimisha Windows 11 iingie, lakini sizishauri kwa mashine unayofungulia akaunti ya benki.

Ni mwaka wa pili sasa nasubiri. Kila nikikaribia kununua nasikia kadi mpya ya picha inakuja, au bei zitashuka. Nisubiri tena? — Mchoraji wa ramani za majengo

Ndugu yangu, kuna kusubiri kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kusubiri kitu kilichokwisha kutangazwa, chenye tarehe, na zimebaki wiki chache. Hapo subiri, maana hata usipokinunua, kile cha zamani mara nyingi hushuka bei. Namna ya pili ni kusubiri tetesi, na hiyo haina mwisho. Mwaka 1965 Gordon Moore aliona kwamba idadi ya vijenzi kwenye chipu ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka; mwaka 1975 akarekebisha, akasema kila miaka miwili. Tangu hapo hapajawahi kuwa na siku ambayo kitu bora hakikuwa njiani. Anayengoja njia iwe tupu atangoja maisha yake yote.

Na hili la bei kushuka tulichunguze, kwa sababu limewaumiza wengi. Kati ya mwaka 2020 na 2022 kadi za picha, zile zinazochora kinachoonekana kwenye skrini, ziliadimika duniani: ugonjwa ulivuruga viwanda na usafirishaji, watu walijifungia majumbani wakataka kompyuta, na wachimbaji wa sarafu za kidijitali wakazinunua kwa mafungu. Aliyesema mwaka 2020 "nitasubiri kidogo" alikuta bei imepanda badala ya kushuka. Hali ililegea mwaka 2022, na Septemba ya mwaka huo sarafu ya Ethereum ikaacha kabisa uchimbaji wa kutumia kadi.

Mwishoni mwa 2025 zamu ikawa ya RAM. Vituo vya data vya akili unde vinameza chipu za kumbukumbu, na bei zikapanda kwa kasi. Desemba 2025 Micron, kampuni ya chipu za kumbukumbu, ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa yake ya kuwauzia watumiaji wa kawaida. Kiwanda cha chipu huchukua miaka kujengwa, kwa hiyo sitakudanganya kwamba mwezi ujao mambo yatanyooka. Kama kazi yako inaihitaji RAM, nunua kiasi kinachotosha na usiongeze cha fahari. Kama huihitaji, tunza uliyonayo.

Halafu kokotoa upande ambao watu huusahau. Mashine ikila dakika 10 kwa siku, kwa siku 250 za kazi ni dakika 2,500, zaidi ya saa 41. Umesubiri miaka miwili. Zaidi ya saa 80 za kazi zimepotea ukiitazama picha ya jengo ikijichora. Kama bajeti ipo na kadi iliyopo sokoni leo inaifanya kazi yako vizuri, nunua, kisha acha kusoma habari za kadi kwa mwaka mzima.

Nina Ryzen 5 1600 kwenye ubao mama wa B350, RAM ya DDR4 GB 16. Nahariri video. Nibadilishe prosesa tu au kila kitu? — Mpiga picha za harusi

Swali lako limenifurahisha, kwa sababu una bahati ambayo wengi hawajui kuwa wanayo. Ubao wako una soketi, yaani tundu la prosesa, ya AM4. AMD ilileta Ryzen za kwanza kwenye soketi hiyo mwaka 2017, na mwaka 2022 iliruhusu prosesa za mfululizo wa 5000 zifanye kazi hata kwenye mbao za kizazi cha kwanza kama wako, mradi mtengenezaji wa ubao awe ametoa BIOS mpya. Ukipachika Ryzen 7 5700X unatoka viini 6 kwenda 8, na kila kimoja kina nguvu zaidi sana ya kile cha zamani. RAM inabaki ile ile. Tena Ryzen 5 1600 ya kawaida haimo kwenye orodha ya Windows 11, ila 5700X imo.

Ukihamia AM5, soketi iliyofuata, unahitaji ubao mpya, prosesa mpya na RAM ya kizazi kipya, DDR5. DDR4 haiingii humo hata kwa nguvu, maana mkato wake uko mahali pengine. Kununua seti nzima ya DDR5 bei zikiwa hivi, ilhali RAM nzuri tayari unayo, kwangu si busara. Badilisha prosesa sasa. Jukwaa zima lisubiri.

Fanya kwa mpangilio. Tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji orodha ya prosesa zinazokubaliwa na ubao wako, kwa jina lake kamili hadi namba ya toleo. Usiguse BIOS mpaka prosesa mpya iwe mkononi, kwa sababu mbao nyingine zikishapokea BIOS mpya huacha kuitambua prosesa ya zamani. Iweke BIOS hiyo ukiwa bado na prosesa ya zamani, na umeme uwe wa uhakika, ikiwezekana wa kupitia UPS, betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati, ubao unaweza kufa.

Hatua inayoharibu prosesa nyingi ni kuondoa kipozeo. Gundi ya joto iliyo kati yake na prosesa ikikauka hung'ang'ania, ukivuta kwa nguvu prosesa inang'oka pamoja na kipozeo, imening'inia kwa chini na pini zake 1,331 zikiwa wazi. Pini zikipinda, kuzinyoosha ni kazi ya macho makali na moyo mtulivu. Kwa hiyo iache mashine ifanye kazi dakika kumi ipate joto, izime, chomoa waya, fungua vishikizo, kisha zungusha kipozeo taratibu kushoto na kulia mpaka uhisi kimeachia. Ndipo uinue.

Nina kipande kimoja cha RAM cha GB 8. Naweza kuongeza kingine cha kampuni tofauti? — Mhasibu

Ndiyo, mradi kiwe cha aina ile ile, DDR4 kwa DDR4. Vyote viwili vitakwenda kwa mwendo wa kile cha polepole. Vipande viwili pia huiwezesha prosesa kusoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja, hivyo faida inazidi ukubwa wenyewe. Kwenye mbao zenye nafasi nne, mara nyingi vinakaa ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Visipopatana mashine haitaharibika, itakataa kuwaka au itakuwa inaganda, kwa hiyo nunua mahali wanapokubali kurudishiwa.

Mwanangu anadai kadi mpya ya picha, anasema gemu zake zinakwamakwama. Nitajuaje kama anasema kweli? — Mama wa watoto watatu

Mama, mwombe akuonyeshe jaribio hili. Afungue gemu, asome idadi ya fremu kwa sekunde, kisha apunguze ubora wa skrini kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Fremu zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyozidiwa, na mtoto anasema kweli. Zikibaki pale pale, kadi mpya haitamsaidia. Tatizo lipo kwenye prosesa au RAM.

Kadi ikihitajika kweli, mtazame pia pawasaplai, kifaa kinacholisha mashine umeme. Kama kompyuta yenu ilitengenezwa kwa matumizi ya ofisi, huenda pawasaplai yake ni ndogo, haina waya wa kulisha kadi, na plagi zake si za kawaida, kiasi kwamba huwezi kuibadilisha na yoyote utakayoikuta dukani. Pimeni na urefu wa nafasi ndani ya kasha kabla ya kulipa.

Kompyuta yangu inajizima yenyewe nikiwa kazini. Tasnifu natakiwa kuikabidhi baada ya wiki sita. Ninunue mpya sasa hivi? — Mwanafunzi wa uzamili

Mwanangu, acha kusoma hapa kwanza. Nakili tasnifu yako mahali pawili, na mojawapo pawe nje ya mashine hiyo na nje ya chumba hicho. Ukimaliza, rudi.

Mashine inayojizima baada ya dakika kadhaa za kazi nzito mara nyingi imepata joto kupita kiasi. Prosesa nyingi hujikinga zinapokaribia nyuzi 100. Ifungue ikiwa imechomolewa. Utakuta vumbi limejikunja kati ya mapezi ya kipozeo kama kitambaa cha sufi. Lipulize, huku ukizuia feni kwa kidole isizunguke, kisha paka gundi mpya ya joto kiasi cha punje ya njegere. Kama inajizima hata ikiwa baridi, mshuku pawasaplai, nayo hubadilishwa kwa nusu saa.

Usihamie mashine mpya wiki hizi sita kama hii inasimama. Mashine mpya ina programu za kuweka upya, fonti zinazopotea, na marejeo yanayovurugika kwenye kurasa, na hayo yatakula siku ambazo huna. Nakili kazi kila jioni kabla ya kulala. Ukishakabidhi niandikie, unieleze kiasi ulichonacho na kazi unayotarajia kufanya, tuchague mashine yako tukiwa na nafasi.